Kabla ya futi kamba: vifaa vya kushonea vilivyotoka jikoni na uani



Najua wengi mlitegemea niendelee na viwavi wa vitumba. Tutarudi huko. Leo naandika habari za sindano na uzi, kwa sababu mwezi uliopita mama mmoja alinisimamisha mnadani akaniuliza swali lililonichukua muda kulijibu. Yeye na wenzake saba wanataka kushona matandiko ya viraka, yale yanayounganishwa kwa vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi cherehani, wayapeleke machimboni ambako vijana wengi wanalala juu ya viroba. Cherehani moja ya miguu wanayo. Lakini kuna mtu amewaambia hawawezi kuanza mpaka wawe na seti nzima: rula ndefu ya chuma, mikasi ya aina tatu, chaki za fundi, pini na mto wake, vibanio, meza ya kukatia, pasi ya umeme. Amewaandikia orodha, na jumla yake imezidi bei ya cherehani yenyewe.

"Bwana shamba," akaniuliza, "tukope?"

Mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri hauna riba, ni kweli, ila kutokuwa na riba si kwamba haurudishwi. Nikamwambia, "Mama, subirini kwanza." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wazee na kusoma ninachokipata kuhusu namna watu wa huku kwetu walivyoshona kabla ya orodha kama hiyo kuwapo. Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya nguo za dukani, watu wa Usukuma na Unyamwezi walivaa zaidi ngozi, na sehemu nyingine magome ya miti yaliyopondwa. Pamba pia ilikuwepo, siyo hii ya Ukiriguru tunayoipalilia leo, bali ya kienyeji. Mwingereza Richard Burton alifika Kaze, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, na katika kitabu chake anaeleza kwamba vijiji vikubwa vya Unyamwezi, pale ambapo nguo za kigeni hazijaua kazi hiyo, vilikuwa na vitanda vya kufumia. Kitanda chenyewe kilikuwa miti tu iliyokitwa ardhini na fito za kupitisha nyuzi. Cha kusokotea uzi kilikuwa kijiti chenye uzito kidogo mwishoni. Kazi ya chuma ilikuwa ya mafundi kama Warongo, upande huu wa Geita na Buzinza, walioyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyobebwa hadi masoko ya Tabora. Vifaa vingine vyote vya nguo vilitoka porini au uani.

Kisha ikaja merikani. Kuanzia miaka ya 1830 meli za Wamarekani, nyingi kutoka mji wa Salem jimbo la Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu na cha kudumu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, wakakibeba bara. Jina la nchi likawa jina la kitambaa. Hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata mzigo na viwanda vya Uingereza na India vikachukua nafasi, watu waliendelea kuita merikani.

Kitambaa hicho kilikuwa fedha. Hongo ililipwa kwa nguo, chakula cha msafara kilinunuliwa kwa nguo. Na kila fedha inahitaji kipimo. Kipimo kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama sentimita 46 hivi. Mikono minne ni shuka moja. Shuka mbili ni doti. Kipande kizima kilikuwa jora. Ndugu mfanyabiashara, unapomwambia mteja leo "doti ya khanga", unatumia neno la misafara ile.

Lakini mkono wa nani? Muuzaji mwenye mkono uliopungua sentimita 3 tu, kwenye doti ya mikono minane amekwisha kukupunja sentimita 24. Hiyo ni robo ya mita, inatosha kukosesha mtoto mfuko na kola. Nalikazia hili kwa sababu vifaa vyote vingine nitakavyotaja unaweza kuviokota nyumbani bila wasiwasi mkubwa, ila kipimo kinakula fedha kimyakimya. Wazee wetu wa pamba walilijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla Paul Bomani na wenzake hawajaunda muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria mwaka 1955, moja ya kazi za kwanza za wakulima ilikuwa kuweka watu wao wenyewe kwenye mizani ya wanunuzi. Ushirika ule ulikuja kuwa miongoni mwa mikubwa kabisa Afrika, na ulianzia kwenye swali la nani anashika mizani.

Sasa nikiri kosa langu. Miaka miwili iliyopita nilichongea kikundi kimoja mti wa kupimia wa mita moja ili wasinunue rula. Nikaupima kwa futi kamba yangu ya zamani, ya kitambaa, ambayo nimeivuta kila mahali, hadi kwenye mistari ya mashamba darasa. Kikundi kikakata vipande vya sentimita 20 kwa 20, nusu ya akina mama wakitumia mti wangu na nusu wakitumia futi kamba mpya ya fundi. Walipoanza kuunganisha, safu haziingiani. Kwenye vipande kumi tofauti ilikuwa sentimita 4. Tandiko likavimba katikati kama chapati. Wakafumua kazi ya siku tatu, nami nikiwa nimekaa hapo hapo nawasaidia kufumua.

Futi kamba yangu ilikuwa imevutika. Kama nawe unataka kuchonga mti wa kupimia, na ninakushauri uchonge, tafuta kwanza karatasi ya A4 ambayo haijakatwa, ile ya mashine za kutolea nakala. Urefu wake ni sentimita 29.7 popote duniani. Panga tatu kwa urefu zikigusana bila kupandana, juu ya meza iliyonyooka. Futi kamba yako isome 89 na kinukta. Ikisoma 87 na kitu kama yangu, itupe au ifanye kamba ya kufungia mfuko. Halafu kikundi kizima kitumie mti mmoja. Lakini huo mti ni wa kukatia kazi yako. Wewe unayeuza kitambaa kwa mita sokoni, sheria inakutaka uwe na kipimo kilichohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na hapo usilete mti wa mpera.

Turudi kwenye safari yetu. Baada ya merikani ikaja cherehani. Neno hili wanasema lina asili ya Kiajemi, linatokana na gurudumu. Mashine zilizoenea duniani katika karne ya 19 zinatumia sindano yenye tundu karibu na ncha, mtindo ambao Mmarekani Elias Howe aliupatia hataza mwaka 1846. Hiyo ndiyo sehemu moja ambayo ubunifu wa nyumbani haufiki. Usijaribu kuchonga sindano ya cherehani kwa waya. Utaharibu mashine.

Huku bara cherehani ilikaa barazani mwa duka la Mhindi, fundi akishona nguo iliyonunuliwa ndani. Na mafundi wale, hata leo ukiwatazama, hawana vitu vingi. Kipande cha sabuni kilichobaki chembamba ndicho chaki: kinaonekana kwenye kitambaa cheusi na kinatoka kwa maji. Ramani ya nguo hukatwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kwa sababu ni ngumu na haichaniki ovyo. Pasi ni ya mkaa. Wembe ulioshikwa vizuri unafumua mshono. Uzi wa kushonea kwa mkono unapitishwa kwenye nta ya nyuki ili usijisokote, na nta huku hatuna shida nayo. Sidhani kama kuna fundi aliyesoma hayo mahali. Walirithishana wakiwa wamekaa kwenye vibao.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, hata Mjerumani alijikuta anafanya hivyo hivyo. Meli za Uingereza zilifunga pwani, nguo hazikuingia. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba magurudumu ya kusokotea na vitanda vya kufumia vilichongwa majumbani na kwenye misheni, pamba ya hapa hapa ikafumwa, na baada ya kujaribu vitu vingi rangi bora waliyoipata ilitoka kwenye mti uitwao ndaa. Ilitoa rangi ya kahawia-manjano iliyofaa kujifichia porini. Serikali nzima yenye bunduki na reli ilirudi kwenye rangi ya mti, ikashona.

Lakini mtihani ambao wazee wetu wanaukumbuka si huo. Ni ule wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, mafuta yalikuwa yamepanda, fedha za kigeni hakuna. Sabuni, sukari, nguo: vyote kwa foleni. Mwanza tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na pamba ilikuwa ikitoka mashambani mwetu, lakini mtu wa Shinyanga aliyelima pamba hiyo angeweza kukaa mwaka mzima bila kupata kitenge kwa bei halali. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kulegezwa, na mitumba ikafuata.

Bibi mmoja jirani yangu, ambaye wakati huo alikuwa na watoto wanne, alinionyesha kopo lake la biskuti ambalo amelitunza tangu miaka hiyo. Ndani yake mna vifungo vya kila rangi, alivyovikata kwenye kila shati lililochakaa kabla ya kuligeuza tambara. Alinieleza namna alivyokuwa akifumua gunia la katani, uzi mmoja mmoja, akiusokota pajani, na kushonea mto. Sabuni ya kuchorea haikuwepo, walichora kwa mkaa. Pini zilikuwa miiba ya mgunga, iliyokaushwa kivulini ili isivunjike. "Mwiba haushiki kutu," akaniambia, na hapo alinishinda, maana pini zangu za dukani zilishaacha madoa kwenye shati jeupe. Mfuko wa unga ukafuliwa mpaka maandishi yakatoka, ukawa shuka la mtoto. Mengine hayakutoka, akacheka, mtoto akalala juu ya maandishi.

Hawakuwa peke yao duniani. Marekani katika miaka migumu ya 1930, wanawake wa vijijini walishona nguo kwa mifuko ya unga na ya chakula cha kuku, hadi wenye viwanda wakaanza kuichapa mifuko maua ili iuzike. Na kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, jimbo la Alabama, cha Wamarekani weusi waliolima pamba kwa mgawo kwenye mashamba ambako babu zao walikuwa watumwa. Kumbuka merikani ile ya misafara: pamba ya viwanda vya Massachusetts ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini kama hilo. Wajukuu wa wachumaji hao wakawa wanakata suruali za kazi zilizochakaa, mifuko na nguo kuukuu, wanaunganisha matandiko ya viraka ya kujikinga baridi. Mwaka 1966 akina mama wa eneo hilo walianzisha ushirika wa kuyauza, Freedom Quilting Bee. Mwaka 2002 matandiko ya Gee's Bend yalitundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston, watu wakilipa kiingilio kuyatazama. Suruali za shambani hizo.

Nimewaambia wale mama wa mnadani habari hii. Mmoja akauliza kama kiingilio kilienda kwa washonaji. Swali zuri, na linafaa kuulizwa kabla ya kumpa mtu yeyote mzigo wako akauze mjini.

Kwa hiyo orodha ile tuliipitia pamoja, tumekaa chini ya mwembe. Rula ya chuma: mti mmoja, uliopimwa kwa A4. Chaki: sabuni. Vielelezo vya kukatia: boksi gumu, na kwa mviringo sahani na kikombe. Meza: mlango wa zamani juu ya matofali, ufunikwe blanketi ili uwe pia wa kupigia pasi. Pini: miiba, au kupiga bandi kwa uzi wa rangi tofauti, ambayo kwa tandiko nene ni bora kuliko pini. Vibanio vya kushikia tabaka: vile vya kuanikia nguo. Kastabini, wengine huita subana: kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokunjwa mara mbili kwenye kidole. Sindano ikianguka mchangani: sumaku ya spika ya redio mbovu iliyofungwa kwenye kijiti. Spoku ya baiskeli ikisuguliwa kwenye jiwe na kupindwa ncha inafumia pindo la kupendeza, nyie wenyewe mmeona vitambaa vya makochi vilivyofumwa hivyo. Tulibakiwa na vitu vitatu vya kununua: mkasi mmoja mzuri ambao hautagusa karatasi kamwe, sindano za cherehani, na futi kamba mpya.

Na cha kujazia ndani? Hapo ndipo penye jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili, hasa wewe wa Nyarugusu, Rwamgasa na kote kwenye makarasha.

Ukanda wa dhahabu umejaa vitambaa vya bure. Mwalo hutandikwa gunia, blanketi au zulia ili dhahabu inase kwenye manyoya yake. Zebaki, ambayo machimboni mnaiita mekyuri, hukamuliwa kwa kipande cha nguo ili kibaki kile kidonge cha kuchoma. Vitambaa hivyo vikichoka hutupwa, na mtu mwenye macho ya kuokoa vitu, macho yale yale niliyoyasifu tangu mwanzo, anaviona ni mali.

Nimewahi kukaribishwa kwenye nyumba moja karibu na mialo. Mtoto wa miezi michache alikuwa amelala juu ya tandiko lililoshonwa vizuri sana, mshono umenyooka. Tabaka la chini lilikuwa blanketi la kijivu lililotoka kwenye mwalo. Mama yake aliniambia amelifua mara tatu na kulipiga pasi ya mkaa. Nilikosa la kusema kwa muda. Zebaki huvukiza hata bila moto, mvuke wake hauonekani wala haunuki, na pasi huuharakisha ndani ya chumba kilichofungwa. Inaharibu mishipa ya fahamu na figo, na kwa mtoto mchanga au aliye tumboni ni mbaya zaidi. Kufua hakuitoi yote. Nilikaribia kumwambia alichome, nikajizuia, maana kulichoma ndiko kungeutoa mvuke wote kwa mara moja. Tulilifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki, tukaliweka mbali na nyumba, nikampigia afisa afya wa kata. Mama yule hakukosea kwa uvivu. Alifanya kile ambacho bibi yake angefanya na mfuko wa unga, ila mfuko wa unga haukuwa na zebaki.

Kwa hiyo kila kitambaa cha bure kiulizwe kimetoka wapi. Cha mwaloni, hapana. Kiroba kilichobeba mbegu za pamba zilizotiwa dawa, hapana, hata kikioshwa. Mfuko wa kemikali za kuchenjulia dhahabu, hapana kabisa. Kiroba cha unga, mchele au sukari, karibu. Pamba mbovu iliyobaki baada ya kuuza daraja la kwanza, iliyochambuliwa mbegu na kuanikwa juani siku mbili, inajaza vizuri, lakini chomelea mistari ya mshono kila upana wa kiganja ili isikusanyike kona moja.

Kikundi kimeanza na matandiko matatu. La kwanza limenunuliwa kabla halijamalizwa pindo. Jumamosi ya mnada ujao nitakuwa chini ya mwembe ule ule, karibu na wauza mbuzi, na mti wangu mpya na karatasi tatu za A4. Njoo na futi kamba yako tuipime.